Mwalimu, "mob" ni umati au si umati?

Swali: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa, kazi yangu ni kutembeza wageni Ngomeni (Fort Jesus) na Mji wa Kale. Wiki iliyopita nilikuwa na wazee sita kutoka Uingereza, tukasimama kivukoni upande wa kisiwani kutazama feri ikishusha watu. Nikawaambia, "Every morning a mob crosses here from my side." Mama mmoja akaukumbatia mkoba wake, na mumewe akaniuliza kama polisi wana habari. Mimi nilidhani nimesema watu wengi tu. Jioni nikafungua kamusi: "crowd", umati. "Mob", umati. "Throng", umati. "Horde", umati. "Multitude", umati. Sasa kama yote ni umati, kosa langu liko wapi, na nitajuaje lipi nitumie? Na tena, ni "the crowd was" au "the crowd were"? Halafu wageni huniuliza kundi la kunguru huitwaje kwa Kiingereza. Hilo nalo ukinisaidia nitashukuru.

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kamusi haikukudanganya, ila ilikujibu swali ambalo Mwingereza haulizi. Ilikuambia ni wangapi. Maneno hayo uliyoyaorodhesha hayana habari na hesabu. Watu kumi na watano waweza kuwa "mob", na watu elfu hamsini wakakaa uwanjani tangu asubuhi mpaka magharibi wasiwe "mob" hata dakika moja. Neno linakuambia habari za yule anayelitamka: amesimama wapi, na wale anaowatazama anawaogopa, anawadharau, anawaheshimu au anawaangalia tu. Mama yule alikusikia wewe, mwenyeji unayepajua mahali, ukimwambia kwamba hapa kuna hatari. Angefanya nini tena na mkoba wake?

Lakini nakushuku jambo jingine. Sidhani kama neno hilo ulilitoa kwenye kamusi. Ulilitoa kwenye Sheng. "Watu mob", "pesa mob", "kazi ni mob leo": hapo "mob" ni tele, kibao, chungu nzima, basi. Vijana walilichukua neno la Kiingereza wakalifua mpaka uchafu wote ukatoka, wakalivaa. Wewe ukamvalisha mzee wa watu kutoka Uingereza, ambaye analijua kabla halijafuliwa. Usione haya, nimesahihisha insha nyingi za Kiingereza zenye "mob people came to my uncle's wedding", na nina hakika arusi hizo zilikuwa nzuri.

Uchafu wenyewe ni wa tangu kuzaliwa. Waingereza wa karne ya 17 waliosoma Kilatini walikuwa na usemi wao, "mobile vulgus", yaani watu wa chini wasiokuwa na msimamo, leo huku kesho kule. Usemi ukawa mrefu mdomoni, wakaukata ukabaki "mobile", wakaukata tena ukabaki "mob". Mwandishi Jonathan Swift, aliyekuwa mkali wa mambo ya lugha, alilalamika gazetini mwaka wa 1710 kwamba ametaabika miaka kulizuia neno hili na limemshinda. Na kilichomuudhi ni kule kukatwakatwa kwa maneno. Dharau iliyomo ndani haikumkosesha usingizi.

Dharau hiyo ipo mpaka leo, isipokuwa pembeni pembeni. Huko Australia kundi la kangaruu ni "mob" bila ubaya wowote, na wenyeji wa asili wa nchi ile husema "my mob" kwa fahari, kama tunavyosema sisi jamaa zangu, watu wa kwetu. Kwa hiyo ukipata wageni wa Sydney huenda mikoba ikatulia. Usibahatishe, lakini. Na hapa Kenya Kiingereza cha magazeti kimelikaza neno zaidi. Sisi sote tumekua tukisoma "mob justice", na tunajua maana yake ni tairi na kiberiti.

Sasa litazame neno letu wenyewe. Umati ni neno la Kiarabu, ndugu wa umma. Wazee wetu wa tenzi wakitaja umati wa Mtume hawakukusudia watu waliobanana mlangoni. Walikusudia waumini wote, waliotangulia na watakaokuja. Neno lilianzia juu likashuka mpaka sokoni, ilhali "mob" lilianzia mtaroni. Leo utasikia redioni kwamba umati wa waumini ulihudhuria swala ya Idi, na habari inayofuata ni ya mshukiwa aliyeuawa na umati wenye ghadhabu. Neno ni lile lile na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa, kwa sababu sisi sifa tunaibandika nje: wenye ghadhabu, wenye furaha, uliofurika. Tukitaka kudharau tunakwenda kwenye ngeli. Watu wakiwa majitu au vijitu, msikilizaji amekwisha jua tunawaonaje. Mwingereza hana ngeli ya kumsaidia, kwa hiyo sifa na kashfa amezishonea ndani ya neno lenyewe la kundi. Ukichukua neno lake, umechukua na kilichoshonewa.

Juzi Jumatatu nilikwenda Likoni kwa ajili yako. Mimi nakaa Tudor, ikabidi nivuke kwanza ili nipate kuvuka tena pamoja na watu wa asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa bandani upande wenu, nimebanwa kati ya muuguzi aliyekuwa akisinzia kwa kusimama na vijana watatu wenye mkokoteni wa madafu. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye beseni la mahamri lililofunikwa kwa leso. Kivuko hiki hutajwa kuwa kinavusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na asubuhi ile ungedhani wote wameamua kuja saa moja. Watu wametulia, kila mtu na simu yake, na lango halijafunguliwa. Hao ni "crowd". Ni wengi, wako pamoja, na neno halina la kuwasema zaidi ya hapo.

Lango likafunguliwa. Hakuna aliyekimbia, maana huwezi kukimbia, lakini wote tulisogea kama maji yanayotafuta njia. Kiwiko cha mtu ubavuni, mkokoteni nyuma ya visigino, pumzi ya mtu shingoni. Hao ni "throng".

Tukiwa karibu na mlango wa feri dada mmoja akapiga kelele, "Simu yangu! Mwizi!" Shingo zote zikageuka pamoja. Kijana mmoja wa jaketi jeusi akajikuta amesimama peke yake katikati ya duara. Hakuna aliyemwambia asimame, ila pale ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na nafasi ya kutia mguu, nafasi ilipatikana. Mkono wa mtu nisiyemwona ukamshika ukosi. Muuguzi aliyekuwa akisinzia alikuwa ameinua mwavuli. Hapo ndipo "mob", mwanangu. Watu ni wale wale, hakuongezeka hata mmoja, na kama ungewahesabu ungepata idadi ya dakika iliyopita. Kisha mama wa mahamri akasema kwa sauti ya jikoni kabisa, "Hebu tazama mkobani, chini ya kitambaa." Simu ilikuwemo, inawaka. Ukosi ukaachiwa, mwavuli ukashuka, watu wakatazama bahari. Wakawa "crowd" tena. Yule kijana alinunua mahamri mawili, sijui kwa shukrani au kwa njaa.

Kwa hiyo tuanze na "crowd", kwa kuwa ndilo litakalokufaa siku nyingi kuliko yote. Halimsifu mtu wala halimtukani. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kusukuma na kubana. "Throng" nalo limetoka katika kitenzi kingine cha kubana, na jamaa yake bado anaishi katika Kijerumani. Sasa sikiliza neno letu msongamano, lililotoka kwa songa. Waingereza na Waswahili hawakushauriana, lakini wote walipotafuta jina la watu wengi walianza na mbavu. Ndiyo maana kwa shughuli ya kivukoni msongamano hukaribia "crowd" kuliko umati unavyokaribia. "Throng" lina harufu ya vitabu kidogo na hupenda sherehe, ibada, mazishi ya mtu mkubwa. Watu wa Maulidi wakijaa Makadara, "throng" litawakaa vizuri. Foleni ya benki haiwezi kulivaa.

"Horde" ndilo ningekuomba ulitie kabatini ufunge. Chanzo chake ni neno la Kituruki, "ordu", maana yake kambi ya jeshi. Lilisafiri na wapanda farasi wa nyika za Asia, likapita Poland, likawafikia Waingereza katika karne ya 16 likiwa limekwisha beba hofu ya watu waliochomewa miji. Neno hilo hilo lilishuka pia Bara Hindi, na huko likakaa kwa adabu: lugha iliyozungumzwa kambini mwa wafalme ikaitwa Kiurdu. Kwa hiyo wale wenzetu wa asili ya Bara Hindi wanaozungumza Kiurdu katika maduka ya Mombasa, na "horde" ya Kiingereza, ni watoto wa kambi moja. Mmoja akawa lugha ya mashairi, mwingine akawa kashfa.

Nawe kazini kwako neno hili linakuhusu zaidi ya unavyodhani. Unaposimulia kabla ya kujengwa Ngome, bila shaka unafika mwaka wa 1589, Wazimba walipoingia Mombasa kutoka bara huku manowari za Wareno zikiwa baharini. Katika vitabu vya Kiingereza vinavyosimulia kisa hicho utakuta Wazimba ni "horde" na Wareno ni "fleet". Mmoja ni kundi la kutisha lisilo na kichwa, mwingine ni msafara wa merikebu wenye mkuu na mpango. Basi rudi nyuma kidogo, mwaka wa 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipoupora mji huu na kuutia moto. Sijapata kusoma mahali wanaitwa "horde". Aliyeshika kalamu alikuwa amesimama kwenye sitaha. Wageni wako wakiuliza, sema "the Zimba", sema "Zimba fighters" kama unataka zaidi, na habari itakuwa imekamilika.

Nami neno hili limepata kuniumbua. Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri kwa malipo, shirika moja liliniletea ripoti ya zahanati mpya. Kiswahili chake kilisema kwamba siku ya ufunguzi akina mama walimiminika. Nilitaka kupamba, nikaandika "hordes of mothers". Wafadhili wakajibu kwa barua ndefu wakiuliza kama zahanati ilivamiwa na kama dawa zimesalimika. Kumbe kumiminika kwetu, kule kuja kwa wingi kwa hiari na kwa furaha, Kiingereza kinakifahamu vizuri sana kama kitenzi: "mothers flocked to the clinic". Ukisema "tourists flock to Diani" hakuna mtalii atakayenuna, ingawa umemlinganisha na ndege au kondoo. Ukimwambia "hordes of tourists" atanuna. Maneno hayo ni ya wenyeji kuambiana wao kwa wao meli kubwa ya kitalii ikitia nanga Kilindini, na hata hapo ni ya kunong'ona.

"Swarm" ni la nyuki na nzige, na ukilitoa kwa wadudu ukalitia kwa watu umewafanya wadudu. David Cameron alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza alilitumia mwezi wa Julai 2015 kwa wahamiaji waliokuwa wakivuka bahari ya Mediterania, na lawama zikamshukia kutoka kila upande. Hakuna aliyebishana naye juu ya idadi. Walichomlaumu ni kuwatazama watu wanaozama baharini kwa jicho la mtu anayetafuta dawa ya kunyunyiza. Sitakukataza kulitumia kabisa, kwa kuwa lina mahali pake pa mzaha: wageni wako wakizingirwa na makanga pale Mwembe Tayari, kila mmoja akivuta begi upande wake, waambie baadaye "we were swarmed" na watacheka, maana waliozingirwa ni wao.

"Multitude" na "host" ni maneno ya kanzu. La kwanza ni la Biblia ya Kiingereza na hotuba, na mtu akilisema sokoni Kongowea ataonekana ameshuka kutoka mimbari. La pili asili yake ni jeshi, na waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliliona sawasawa waliposema Bwana wa majeshi. Siku hizi "host" limestaafu vita, limebaki katika semi kama "a host of problems", shida jeshi zima. Usilichanganye na "host" lenye maana ya mwenyeji, yaani wewe. Yanaandikwa sawa lakini yameingia Kiingereza kwa milango miwili.

Hapa nitatoka nje ya swali lako kidogo, kwa sababu kuna neno la wingi ambalo sisi watu wa pwani tungelielewa kuliko wote na ndilo tunaloliharibu kuliko yote. Magazeti ya Kiingereza hupenda "scores of people". Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "alama za watu walijeruhiwa", na aliyeiandika alikuwa anapokea mshahara. "Score" ni ishirini. Asili yake ni alama ya kukata kwa kisu: mtu anahesabu kondoo, akifika ishirini anatia pengo kwenye kijiti, anaanza upya. Sasa muulize mzee yeyote aliyepata kuuza boriti za mikoko. Boriti haziuzwi moja moja wala kwa mamia, zinauzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Neno hilo tulilipata kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, wala halijafa. Yule Mwingereza wa kondoo na yule mzee wa boriti wangefanya biashara bila mkalimani. Ila "scores of people" ya gazeti haikuambii ishirini ngapi. Mwandishi anajua ni zaidi ya arubaini na hajafika mia, au hajui na anataka uamini kwamba anajua. Kwa Kiswahili sema makumi ya watu, utakuwa umetenda haki.

Haya, sarufi. "The crowd was" na "the crowd were" zote ni sahihi, na anayekuambia moja ni kosa amesoma upande mmoja wa Atlantiki. Mwingereza akiliona kundi kama kitu kimoja husema "was", akiwaona watu mmoja mmoja ndani yake husema "were". Mmarekani hupenda "was" kila mahali. Chagua moja usiichanganye katika sentensi moja. Jambo linaloshikilia kweli ni hili: "a number of people are waiting", lakini "the number of people is growing". La kwanza lina maana ya watu kadhaa, la pili ni idadi yenyewe, na idadi ni moja.

Makosa yanayotutambulisha sisi yako kwingine. Kwetu watu walijaa uwanjani na uwanja ulijaa watu ni habari moja, unaipindua upendavyo. Kiingereza kinakubali ya pili tu: "the stadium was full of people". Ukisema "people were full in the stadium" mgeni ataelewa kwamba wote wameshiba. Ndugu yake ni "the crowd was many". Kwa Kiswahili wengi hukaa vizuri na watu, kwa Kiingereza "many" haliwezi kukaa na "crowd", kwa hiyo "the crowd was huge" au "there were many people". Jirekebishe hayo mawili na utakuwa umewapita baadhi ya wanaosoma habari.

Na sasa ile sentensi yako ya kivukoni. Ungeniuliza neno gani la kundi lingefaa, ningekujibu "crowds", kwa wingi. Lakini Kiingereza kizuri mara nyingi hulikwepa neno la kundi kabisa, kikawaita watu kwa shughuli waliyoijia. Waliofika msibani ni "mourners". Waliokuja kuswali ni "worshippers". Waliosimama kutazama ajali bila kusaidia ni "onlookers". Wanaovuka kila siku kwenda kazini ni "commuters", na hili ni neno lenye heshima kubwa kwa mtu wa Likoni, kwa sababu linamtambua kuwa ana mahali anapokwenda. Jaribu hivi: "Every morning thousands of commuters cross here from my side." Hakuna umati hata mmoja ndani yake, na wazee wako wangetazama feri badala ya mikoba. Ukitaka waisikie ile hali ya kubanwa, ongeza "and you have never been squeezed like that in your life". Wataomba kuvuka, uwaonye.

Nimebakiza wanyama, na hapa uwe mwangalifu, maana wageni wengine hupenda kumtia mwenyeji mtihanini. Kundi la simba ni "a pride", na hilo hutumika kweli. La samaki ni "a school", na wala halihusiani na shule. Shule ilitoka kwa Wagiriki kupitia Kilatini, ile ya samaki ilitoka kwa Wadachi, ambao kwao ilikuwa na maana ya kundi. Ndugu yake wa damu ni "shoal", nalo ni kundi la samaki vilevile. Sasa kuna "shoal" nyingine yenye maana ya fungu la mchanga chini ya maji. Kwa hiyo ukiwa mashuani na mgeni akapiga kelele "shoal!", mwangalie usoni kabla hujamwambia nahodha. Akiwa na ndoana mkononi ni samaki.

Mengi katika hayo majina ya ajabu yamo katika kitabu kimoja cha mabwana wa kuwinda kilichochapwa Uingereza mwaka wa 1486, The Book of Saint Albans. Mle "pride" ya simba imo, na "murder" ya kunguru imo, pamoja na majina ya makundi ya watu yaliyowekwa kwa utani, kwa mfano watawa wa kike ambao waliitwa "a superfluity", wamezidi kiasi. Waungwana waliyakariri ili waonekane waungwana. Ile "crash" ya vifaru na "tower" ya twiga unayoisikia kwa madereva wa magari ya safari haimo katika kitabu hicho, ni chumvi iliyotiwa baadaye, na mtaalamu wa wanyama ukimsikia akizungumza kazini atasema "group" akaendelea.

Basi wageni wakitazama juu pale Ngomeni, kunguru wakiwa wamejipanga ukutani kama askari wasiolipwa, na mmoja akakuuliza kundi lao huitwaje, mwambie "a murder of crows", kisha mweleze kwamba mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja hapa pwani. Acha neno lijisemee. Wakimaliza kucheka wapeleke kwenye mizinga, kabla kunguru hawajaona sambusa za yule mama mwenye mkoba.